Jibu kwa Lechipya, Mwenye Fuso

Unaniuliza, Lechipya, umeegemea kaunta yangu hapa Kizota,
vumbi la Manyoni bado limekaa kwenye nyusi:
kwa difu ya gari lako la pili,
kipi bora, moto au baridi?
Kana kwamba unachagua soda.

Ile pinioni ya kwanza niliipa moto peke yake.
Niliifukia kwenye unga wa mkaa, sanduku nikaliziba kwa udongo,
feni ikavuma toka adhuhuri mpaka taa za stesheni zikawaka,
chuma kikaiva rangi ya papai,
sumaku ikakikana.
Nikakitosa kwenye oili. Kilipiga yowe moja, kikanyamaza.
Tupa ilipita juu ya meno kama ukucha juu ya kioo.
Nikajisifu. Nawe ukalipa.

Sekenke ikatujibu,
gia ya kwanza, magunia mia na ishirini ya alizeti:
meno matatu yalimeguka, ukalala konani,
matawi umeyatandaza barabarani, jiwe nyuma ya tairi.

Nisikilize basi. Chuma kinapozimwa ghafla
si chote kinachosikia.
Ndani hubaki punje zilizolala,
kama vijana wa bweni kengele ikishalia:
wengine mstarini, wengine bado wamejifunika shuka.
Ukizitwika mzigo huamka kwa wakati wao,
hujinyoosha miguu,
na jino hupasuka kutokea ndani.
Moto haufiki huko tena. Moto umekwisha kusema.

Ya pili, baada ya moto na oili, nikaenda nayo kwa Nyemo,
afisa mifugo wa Kongwa,
anayetembea na mtungi wa mbegu za madume.
"Ukiniharibia Borani wangu," alisema, "utazaa ndama wewe."
Akanimiminia lita kumi kwenye deli la aiskrimu,
moshi mweupe ukashuka hadi kwenye kandambili zetu.
Hatukuitumbukiza. Tuliining'iniza kwa waya,
tukaishusha kidole kwa kidole, usiku kucha,
mpaka digrii mia moja tisini na sita chini ya sifuri,
baridi ambayo mbele yake Julai ya Dodoma ni utani.
Haikulia. Hilo ndilo lililonitisha.

Alfajiri ilikuwa imeota mvi.
Nikaipeleka kwenye tanuri la mikate la Mama Ndalu,
saa mbili kati ya trei za skonzi,
maana kilichogandishwa kisipopashwa tena ni kioo tu.
Ilitoka inanukia hamira.

Kulikuwa na ya tatu, sikukwambia. Baridi bila moto,
kwa uvivu, kwa kuokoa mkaa.
Chuma laini kiliingia, chuma laini kikatoka,
tupa ikakitafuna kama muhogo mbichi.
Baridi haijengi, Lechipya.
Inasoma tu majina ya waliobaki kitandani.

Ile ya skonzi ndiyo iliyomo kwenye difu yako.
Umepanda nayo Sekenke mara kumi na tisa,
nahesabu kwa chaki nyuma ya mlango.
Jana ulipopiga simu kutoka kule, nilikaa chini kabla ya kupokea.
Kumbe ni sili ya oili, ya shilingi elfu nane,
kipande cha mpira ambacho hakuna aliyekiuliza
kama kinataka moto au baridi.