Hesabu za Februari

Nzoia leo umekonda, mbavu zake za mchanga ziko nje.
Ndiyo siku nzuri ya kuhesabu mafuriko.

Daftari la kliniki nimelifungua juu ya mizani ya watoto,
maana meza imeliwa na mchwa.
Nafuata majina kwa kidole:
Taaka, mimba ya kwanza, mwisho wa Aprili.
Nabwire, wa tano, alishapasuliwa mara mbili,
tarehe haijui; aliacha kuona damu
"wiki ile tulipovuna mtama." Basi ni Mei.
Thelathini na mmoja.
Thelathini na mmoja ambao chupa zao zitapasuka
mwezi uleule tuta linapopasuka.

Kwenye kikao, naibu chifu Egesa alisoma orodha:
mahindi, maharagwe, turubai, kamba,
dawa ya maji, majani ya ng'ombe.
Naam, ng'ombe walikuwa na ukurasa wao.
Nikainua mkono: Na wazazi?
Mzee mmoja wa kamati akatabasamu.
"Sista, tuokoe watu kwanza.
Mengine ya akina mama yatafuata."

Mengine.
Nililibeba neno hilo hadi zahanati
kama kokoto ndani ya kiatu.

Mwaka juzi mengine yalinifuata saa nane usiku
juu ya tuta, upana wake kitanda kimoja na nusu.
Kitovu nilikifunga kwa uzi wa gunia la unga
niliouchemsha kwenye mkebe wa majani ya chai.
Hilo liliwezekana.
Lakini dawa ya kuzuia damu hutaka baridi,
na friji yetu ilikuwa inaelea kuelekea ziwani.
Mtoto anatembea sasa. Huniita mama.
Bibi yake humsahihisha, polepole.

Kwa hiyo naandika: dawa ile ya vidonge, isiyodai barafu.
Naandika makufuli.
Najua karani wa stoo Busia atacheka: makufuli ya uzazi?
Ya choo, ndugu. Ya kufungia ndani.
Kambini pale shuleni choo cha wasichana hakikuwa na mlango,
na yule wa kidato cha pili alinijia siku ya tisa,
wakati dawa husubiri siku tatu tu.
Jina lake siliandiki popote.
Nimempa pazia, taa ya sola, paketi kumi za vidonge,
na kona ambayo mtu anaweza kulia
foleni isisikie.

Wa sindano ya miezi mitatu ni mia moja na wanne.
Wengine waume zao hawajui;
kadi zao nimezitunza mimi, ndani ya bati la biskuti.
Bati hilo lipande darini kabla ya godoro langu.

Nimesema na Mugeni mwenye boti ya kubebea mchanga.
Lita ishirini za petroli nitamfichia.
Akipigiwa simu ya uchungu, usiku wowote,
asiulize nani atalipa.

Jioni Taaka akapita kuchukua vidonge vya kuongeza damu.
Nikampa mfuko: wembe mpya, uzi, sabuni,
kipande cha plastiki, glavu, kanga iliyofuliwa.
Utundike juu, unapotundika mbegu.
Akaupima mkononi kama anayenunua samaki.
"Na mvua isipokuja?"
Basi utazalia hapa, kwenye kitanda chenye miguu minne,
na uzi huo tutaufungia nyanya.
Alicheka hadi akashika kiuno.

Saa tatu usiku simu ikalia. Egesa.
"Sista, ile orodha yako ni shilingi ngapi?"
Nikamtajia.
Kimya. Vyura wachache, upande wake au wangu.
"Mke wangu yuko miezi sita."

Najua, nikasema.
Ni namba kumi na saba.