Jicho la Ng'ombe

Miaka miwili jicho lilikuwa chaki:
duara kubwa ubaoni, duara dogo ndani,
mishale, na majina tuliyoyakariri
kama namba za simu za watu tusiowajua.

Leo Mwalimu Mligo kaingia na ndoo,
mvua ya Tukuyu ikimchuruzika mabegani;
ndoo ya rangi, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
"Kumi na manane," akasema. "Mwakibete wa bucha
kanidai buku kwa kila jozi,
na kicheko akanipa nyongeza."

Maabara yetu ni darasa lenye sinki lisilo na maji.
Wembe mmoja kwa watu sita,
masinia ya chai ya kikao cha wazazi.
Gwamaka, beki asiyeogopa kiatu cha mtu,
akatoka nje kutazama migomba.

Tupokigwe ndiye aliyekata.
Ule weupe ni mgumu, mgumu kama kandambili,
wembe ukateleza mara mbili,
kisha chwaa! maji yakamrukia kwenye sweta.
Hakuna aliyecheka.

Ndani kulikuwa na buluu.
Hakuna aliyewahi kutuambia kuhusu buluu:
ya shingo ya njiwa, yenye kijani ndani yake,
imelala nyuma kabisa, gizani,
mahali ambapo ng'ombe mwenyewe hakuwahi kuiona.
Chaki zetu ni nyeupe.

Nikaibandua lenzi kwa ncha ya kalamu.
Tone lililokataa kumwagika.
Nikaiweka juu ya gazeti la zamani
na neno "mahindi", bei ya mahindi Uyole,
likavimba, likanijia usoni.
Ng'ombe amekufa tangu alfajiri
na bado anasoma.

Kundi la dirishani, lenzi yao ilikuwa na ukungu
kama kioo cha jikoni asubuhi ya Juni.
Wakaiweka gazetini: maziwa matupu.
"Ng'ombe mzee," Mwalimu akasema,
akaenda meza nyingine.

Mimi sikwenda.
Nilidhani mtoto wa jicho hukaa juu juu,
kitu cha kufutwa kwa pindo la kanga.
Mara ngapi nimemwambia Bibi,
"Si kikombe hiki hapa, mbele yako?"
kwa sauti ile.

Jioni nikamkuta anachambua maharage,
vidole vikiokota vijiwe kimoja kimoja
kuliko macho yangu yanavyoweza.
Nikakaa. Nikasogeza kikombe
mpaka kikagusa mkono wake.
"Ndaga," akasema. Kisha akanusa:
"Mikono yako inanuka bucha."

Nikasema ndiyo.
Nikataka kumweleza ile buluu.
Nikaanza vibaya. Nikaanza tena.