Saa Hufunguliwa kwa Nyuma

Miaka thelathini na nne nafungua saa za watu
hapa Mkunazini, kibanda hakizidi kabati.
Na saa hufunguliwa kwa nyuma.
Usoni haina siri: mishale, nambari, kioo.
Ukitaka kujua kwa nini inachelewa
igeuze, bandua kifuniko, tia lenzi jichoni.

Nilijua hayo. Sikujua yananihusu.

Damu niliiona Shaabani, tone kwenye sinki jeupe la choo.
Nikasema bawasiri. Nikasema pilipili ya urojo.
Kaka yangu Machano naye alisema bawasiri,
akasema hivyo mpaka suruali ikawa inamvuka,
na matangani tukaambizana: tumbo tu,
kama kwamba tumbo ni jirani mkorofi.
Mauwa, mke wangu, hakubishana.
"Mficha uchi hazai."
Nina sitini na mmoja, nikamwambia, nizae nini?
"Uzae mwaka mwingine."

Siku moja kabla: maji, chai kavu, dafu,
supu iliyochujwa hata kuku hakumbuki kama alipita.
Chochote chekundu marufuku.
Ramadhani ya mtu mmoja,
bila daku, bila mwandamo,
na ukutani kwa pili wanakaanga bajia.

Magharibi nikaanza ile dawa,
chumvi yenye harufu ya limau la uongo,
gilasi kila robo saa, nikipima
kwa saa ya mteja aliyesahau kuifuata.
Jagi la kwanza, kimya.
La pili, kimya; nikamsema vibaya mfamasia.
La tatu sikulimalizia kitini.

Mfereji ulikatika tangu alasiri.
Mauwa akateka pipani, ndoo baada ya ndoo,
akaziweka mlangoni, akikohoa nijue yupo.
Kata, kopo, kata.
Udhu haukai hata hatua tatu;
Isha niliiswali kama mwizi
anayesikiliza nyayo ngazini.
Alfajiri yalitoka maji,
maji ambayo chini yake unaona kigae.

Gauni la hospitali lina kamba nyuma
na nyuma ndiko kuliko wazi.
Nesi Nasriya (saa ya harusi ya babake niliitengeneza mimi)
akasema: "Ubavu wa kushoto, baba. Magoti kifuani."
Hivyo hivyo, nadhani, nilivyokaa kwa mama.
Daktari Ussi, kijana, ndevu zake bado zinashauriana,
akasema nitasikia baridi, halafu kujaa.
Sindano ikanilegeza, haikunilaza.

Wahenga wametucheka vya kutosha: nyani haoni kundule.
Basi mimi nimeona.
Kwenye skrini, waridi, inang'aa kama ndani ya kombe,
pete baada ya pete, kona, pete,
taa ikipita polepole
palipokuwa giza tangu nizaliwe.
Aibu haikuwamo. Niliitafuta.
Mlikuwa na utelezi, na kazi
inayoendelea miaka yote bila kuniuliza.

Kisha taa ikasimama.
Kinyama, punje ya mtama juu ya kikonyo.
Akatoa kitanzi cha waya, akakivisha, akakaza.
Mkono haukutetemeka.
Nikasema, ulimi mzito: "Fundi."
Akadhani namwita mtu.

Chumba cha pili tulikuwa wanne chini ya shuka.
"Asiyetoa upepo haendi kwao," Nasriya akatangaza.
Akaanza mzee mmoja wa Makunduchi, mtu wa heshima zake,
akaomba radhi;
tukamjibu sote.
Sijacheka hivyo tangu Machano yu hai.

Kinyama kimevuka kwenda Dar ndani ya kichupa.
Majibu wiki tatu. Leo ya tisa.

Nimefungua kibanda. Wa kwanza kuja ni Simai,
mwana wa Machano, na saa ya marehemu mkononi:
"Ami, inasimama usiku."
Nimeigeuza. Nimeshika bisibisi.
Kabla sijabandua nimemwangalia yeye.
"Na wewe," nikamuuliza, "una miaka mingapi?"