Ibara ya Kumi na Moja

Sanduku letu lina kufuli tatu.
Ndivyo tulivyoandika hapa Isevya, kwenye daftari la kurasa mia:
funguo tatu, nyumba tatu,
wala ndugu wa damu wasishike mbili.
Tulipiga makofi. Tulijiona wajanja.

Ibara ya saba: faida haigawanywi,
ni ya sanda, ya mbao, ya unga wa matanga.
Ya tisa tuligombana hadi adhana ya alasiri:
mchelewa ada atozwe nini?
"Mia tano," akasema Kalunde, "na wa kwanza ni mimi."
Kweli alichelewa. Alilipa akicheka.

Jumanne Kalunde hakuamka.
Sanda yake imo sandukuni,
na ufunguo wake haumo pindoni mwa kanga,
haumo mtungini, haumo chini ya godoro.
Wanawake kumi na tisa tumesimama uani,
katiba ina muhuri wa wilaya,
haina neno juu ya mshika ufunguo aliyekufa.

Mihayo, fundi baiskeli, akaja na msumeno.
"Nikate?"
Mwenyekiti akanitazama mimi, katibu.
Nikaomba kalamu.
Akidi imetimia. Wanaoafiki?
Nyanzala akanyoosha mikono miwili,
mmoja, alisema, wa marehemu.
Sikuuhesabu.
Niliuandika.

Ufunguo tuliuona arobaini yake,
ndani ya kopo la chumvi.
Haufungui kitu.
Tumeuingiza kwenye orodha ya mali za kikundi,
namba sita, baada ya sufuria.