Kistari

Katika jedwali la masalia ya viuakuvu
safu ya tatu ni ya namba:
nukta sifuri moja, nukta tano, mbili kamili,
miligramu kwa kila kilo ya tunda.
Leo, mstari wa mia nne na kumi na mbili,
nimeweka kistari.
Kistari tu, kimelala
kama uzi uliodondoka chini ya cherehani.

Kimenichukua miezi kumi na minne.

Ni magadi. Magadi ya kupikia,
yale yanayoumua keki na kulainisha maharage,
yakikorogwa majini na kunyunyizwa mizabibuni
unapoingia ubwiriunga
na kutanda juu ya jani
kama vumbi la chaki begani mwa mwalimu.

Bibi Zdravka Mohorčič wa bonde la Vipava
ameniandikia barua tatu.
Ya kwanza ilianza na "Mheshimiwa."
Ya pili ilianza na "Bwana."
Ya tatu haikusalimu:
"Mama alitunywesha magadi kila tulipovimbiwa.
Ninyi mwangoja nini?
Kuvu haisomi Gazeti la Serikali."

Niliandika jibu, nikafuta.
Ningemwambia nini? Kwamba kazi yangu
ni kuliuliza swali lenye jibu linalojulikana
mpaka jibu lenyewe lichoke?
Kwamba mezani nina panya, samaki, nyuki,
minyoo ya udongoni,
kurasa mia tisa za viumbe
ambao hawakupatwa na lolote?

Na habari za baba ningezianzia wapi,
yeye aliyechanganya mrututu na chokaa ndani ya pipa,
akapuliza bila glavu, bila barakoa,
akarudi na viganja vya buluu
visivyotakata mpaka Krismasi?
Tulicheka. Tulisema ameshika mbingu.
Mrututu nao ulikuwa dawa ya kawaida,
dawa ya babu na babu yake,
nani angeuliza?
Udongo wetu kule Brda ungali umeishika ile shaba
kama mtu aliyekataa kusamehe.
Na mapafu ya baba,
lakini hayo hayamo kwenye faili.

Sumu haionjwi, watu husema.
Mimi hulipwa mshahara niionje kwa karatasi.

Sifuri na kistari si ndugu.
Sifuri hufoka: isionekane hata chembe!
Kistari hunena polepole:
tumetazama, tukatazama tena,
hatukuona sababu ya kuhesabu.
Ni neno zito kwa serikali kulitamka,
serikali inayohesabu hadi mbwa,
hadi madirisha,
hadi ngazi za kupandia dari.

Daktari Vekoslav alitia saini akiwa hajavua koti.
"Umehakikisha?"
"Nimehakikisha."
"Basi mbona una uso wa mtu aliyeiba?"

Jumamosi nikateremka Vipava.
Upepo wa burja ulikuwa unabamiza milango ya maghala,
na mawe yamepangwa juu ya mapaa yasing'oke.
Sikujitambulisha. Nilisema nataka kreti moja
ya zabibu nyeupe, za mezani.
Bibi Zdravka, mfupi, buti za mpira,
alikata kichala palepale mtini,
majani yake yana madoa meupe yaliyokauka,
na sikuweza kujua kwa macho
lipi ni la ugonjwa, lipi la dawa.
"Kula," akasema. "Hazina kitu."

Nilichuma punje moja.
Nikaigeuza kwenye mwanga.
Nikaifuta kwa mkono wa shati, mara moja,
halafu, sijui kwa nini, mara ya pili.

Alikuwa ananitazama.

"Aa," akasema, "kumbe wewe ndiye wa wizarani."