Ligi ya Siku Moja

Mwalimu Bukindwa aliyakuta kwenye kitabu kisicho na jalada:
kule Turini, mwaka wa tisini na nane wa karne ile nyingine,
Waitaliano walianza ligi asubuhi
wakaimaliza jua halijazama.
Timu nne. Tatu za mji uleule,
ya nne imetoka Genova, mji wa bandari,
ikashinda, ikarudi kwao.
Akafunga kitabu. "Haya, sisi tunashindwa nini?"

Tatu tulikuwa nazo: Mirongo, Igogo,
na vijana wa karakana ya reli
wenye grisi iliyoganda kwenye kucha.
Ya nne ikaja na meli kutoka Nansio:
watu kumi na mmoja, hakuna wa akiba,
na gunia la machungwa.

Mimi nilikuwa mtunza saa.
Miaka kumi na miwili, saa ya mama mapajani,
ile yenye jogoo anayedonoa kila sekunde.
Mistari tuliichora kwa unga wa muhogo;
kufika saa sita, kuku wa jirani
walikwisha kula kona mbili.
Watu juu ya mawe, wamejipanga kama pimbi.

Fainali, Igogo na Nansio, moja moja.
Dakika zikaisha. Jogoo akaendelea kudonoa.
Mwalimu akasema tuongeze muda,
hata Turini waliongeza.

Ndipo meli ikapiga honi.

Ya pili ilipolia, kipa wao alikuwa anatafuta viatu vyake vya safari.
Lugembe, beki, hakungoja ya tatu:
aliupiga mpira
kama mtu anayebamiza mlango wa nyumba anayoihama.
Mimi nilikuwa natazama saa.
Mpaka leo nikiulizwa goli liliingiaje,
najibu: saa kumi kasoro dakika nne.

Walikimbilia gatini na jezi zao, machungwa yakidondoka.
Zawadi, mbuzi jike mwenye utepe shingoni,
tulimburuta nyuma yao;
tukafika maji yamekwisha kuingia
kati ya meli na gati, upana wa ng'ombe wawili.
Wakapunga mikono. Mbuzi akala utepe.

Msimu wa pili haukuchezwa.
Mwalimu alihamishiwa Geita, na kitabu chake.
Ila mbuzi alizaa mapacha kwetu Mirongo,
mapacha nao wakazaa,
na mama kila alipochinja
alitenga mguu mmoja pembeni:
"Huu si wetu. Wa mabingwa huu."

Asubuhi tunaula.