Bakuli la Manjano

Alfajiri, umande ungali umelala kwenye nyasi,
tunapanga mabakuli: la buluu, jeupe, la manjano,
la buluu, jeupe, la manjano,
hatua tano toka moja hadi jingine,
maji, na tone la sabuni ya vyombo
ili atakayetua asielee.
Tamsin anahesabu kwa sauti.
Mimi nang'oa kupe kwenye soksi.

Kusini mwa Georgia, shamba lililochakazwa na pamba
hata likasahau kivuli.
Misonobari hii ina miaka ishirini na miwili,
sindano zake urefu wa dhiraa,
na aliyeipanda, mche kwa mche, ni Verdell Weems,
ambaye pia huichoma.
Kila mwaka wa pili, Februari, upepo ukiwa na adabu,
hupita na mtungi unaodondosha moto,
maana msitu huu usipoungua hufa kwa kusongwa.
Babu yake aligema utomvu wa kampuni hapahapa;
mpakani umebaki mti mmoja wa zamani,
chale zake usoni.

Msimu wa kwanza tulipata nzi na mbawakawa.
Wa pili, nyuki wa kijani wanaong'aa kama misumari mipya.
Wa tatu mvua iligoma, tukakusanya vumbi.
Verdell hakutaka takwimu.
Kila Ijumaa alisimamisha gari, injini ikinguruma:
"Amekuja?"
Alimuulizia yule mweusi, mkanda wa kutu kiunoni,
asiyekula ila ua moja la zambarau, ukoo wa kunde,
ua lisilochanua ila juu ya majivu.

Tarehe kumi na tisa Mei, bakuli la thelathini na saba.
Tamsin alimnyanyua kwa koleo, akamweka chini ya lenzi,
akakaa chini mchangani, akacheka hadi akalia.
Nikaendesha gari mbio kumpelekea Verdell habari.
Alikuwa akifungua pampu, mikono myeusi kwa grisi.
"Amekuja," nikasema.
"Yuko wapi?"
Nikamwonyesha kichupa.

Alikitazama muda mrefu.
"Miaka ishirini na miwili namwandalia nyumba,
nanyi mnamzamisha mlangoni."

Nilikuwa na majibu. Kwamba jina lisilo na mwili
halihesabiwi. Kwamba mmoja hapunguzi kitu.
Kwamba pini na lebo ndizo zitakazoulinda msitu
siku watakapokuja watu wa barabara.
Niliyasema yote, na yote ni kweli.
Yeye akarudi kwenye pampu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
hakuna aliyesema kama mgeni naye atapona.

Ijumaa iliyofuata, nje ya mstari wetu wa utepe,
pale moto wa Februari uliporuka njia,
nilimwona mwingine. Hai.
Ameinamia ua kama fundi saa,
miguu imevaa chavua hadi magotini.
Wavu ulikuwa mkononi.
Ulibaki mkononi.

Fomu haina kisanduku cha "nimemwona".
Nikaandika pembeni, kwa penseli:
Mmoja. Saa nne kasorobo.
Ameondoka kwa hiari yake.

Jioni Tamsin alikagua kurasa, akafika pale,
akajikuna shingo palipoumwa na kupe.
Kifutio kilikuwa karibu na kiwiko chake.
Akafungua ukurasa mwingine.